Mnaosema majaribu hukomaza imani: mbona yangu imepungua?

#1 Chanja_Kibirizi (Jumatatu, saa 2:14 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii ni mbalamwezi, boti hazitoki, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika kitu kinachonikaa kooni tangu Februari.

Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mwaka wa kumi na mbili sasa. Ziwa Tanganyika lilipopanda, maji yalimeza sehemu nilipokuwa na chanja zangu nne. Nikahamia juu kwenye eneo la mtu, nikawa nalipia mahali pa kuanikia. Mwaka 2024 ziwa likafungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti. Kufungwa sipingi, samaki walikuwa wamepungua kweli kweli, lakini marejesho ya kikundi hayakufungwa. Oktoba mume wangu akaanza kuumwa. Februari tukamzika Mwandiga.

Tangu siku ile kila anayepiga hodi anasema, "Mungu anakukomaza imani." Mchungaji kasema, mama mkwe kasema, wanakwaya wenzangu wamesema. Na mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo. Nimewahi kusimama kwenye msiba wa jirani nikasoma Yakobo 1 kwa sauti, "hesabuni ya kuwa ni furaha tupu", tena nikaona nimemfaa.

Sasa najitazama. Zamani nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, naomba, halafu nateremka mwaloni kuwahi boti. Siku hizi saa kumi naamka vilevile, nakaa kitandani, natazama ukuta mpaka nisikie injini. Hakuna neno linalotoka.

Swali langu: imani iliyokomaa ndiyo hii? Au wapo ambao majaribu yanawakomaza na wapo ambao yanawamaliza, na kama ndivyo, kinachowatofautisha ni nini? Kufarijiwa nimefarijiwa sana, nashukuru. Nataka mtu anieleze jambo lenyewe linakwendaje.

#2 Mzee_wa_Mwanga (saa 2:40 usiku)

Binti yangu, pole sana.

Mimi nina umri wa miaka 71, nimezika mke na watoto wawili. Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 1 mstari wa 7, anaifananisha imani na dhahabu inayopitishwa motoni. Dhahabu ikiwa ndani ya moto haijioni kuwa inasafika, inajiona inayeyuka. Hapo ndipo ulipo wewe. Usijipime ukiwa bado motoni.

Tena tazama meli yetu Liemba. Waingereza waliizamisha mwaka 1916, ikalala chini ya maji miaka minane, ikatolewa ikarudi kazini, na watu wameipanda vizazi na vizazi. Kuzama siyo kufa.

#3 Nyavu_na_Neno (saa 2:47 usiku)

Pole dada. Nimeweka kiti hapa, nasubiri wajuzi.

#4 Fundi_Injini (saa 3:20 usiku)

Shikamoo Mzee wa Mwanga. Naomba nikurekebishe mahali pamoja, maana mahali hapo pana uzito kwenye swali la dada.

Liemba haikuzamishwa na Waingereza. Wajerumani waliizamisha wenyewe, Julai 1916, walipoona wanaondoka Kigoma, ili adui asiipate. Na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene, kila mahali panapoweza kushika kutu, kwa kutumaini kwamba siku moja wataiopoa. Waingereza ndio walioiopoa, 1924. Mitambo ikakutwa inafaa, ikarekebishwa, 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba.

Mimi ni fundi wa injini za boti, nimetoa ziwani injini zilizolala huko wiki mbili tu. Ukiifungua unakuta silinda imeshikana, bolti ukiigusa inakatika kama biskuti. Maji hayajawahi kukomaza chuma hata siku moja. Maji yanaozesha. Liemba iliokolewa na kitu kilichowekwa kabla haijazama.

Ndiyo maana huwa siridhiki mtu akisema majaribu hukomaza imani. Naona majaribu yanakuja kuonyesha kama grisi ilipakwa. Lile Neno ulilolishika ukiwa mzima, zile alfajiri zako za saa kumi, hiyo ndiyo grisi. Dada, usidhani imekwisha kwa sababu tu uko chini ya maji huioni.

#5 Mzee_wa_Mwanga (saa 3:31 usiku)

Marahaba fundi. Hapo kwa Wajerumani umenisahihisha, nakubali. Kwa dhahabu sijakubali. Yakobo anasema kujaribiwa *huleta* saburi. Hakusema huonyesha saburi. Neno "huleta" utalipeleka wapi?

#6 BaniLaUrambo (saa 4:05 usiku)

Niwaingilie kidogo kutoka Urambo, Tabora. Nalima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto ndani ya bani, yaani banda la kukaushia. Nadhani nyote wawili mna haki nusu nusu.

Ukishalitundika jani bani, siku mbili za kwanza moto unakuwa mdogo, nyuzi 35 hadi 40, na unyevu unauacha humo humo. Hapo jani linageuka kutoka kijani kuwa njano likiwa bado lina uhai. Likishageuka ndipo unaongeza moto kidogo kidogo, unafungua tundu la hewa, mwisho unafika nyuzi 70 hivi ili mshipa wa katikati ukauke. Kijana mgeni akipata usingizi, akiamka anaogopa bani limepoa, anasukumia kuni nyingi kwa mkupuo. Asubuhi ukifungua unakuta jani limekauka likiwa kijani. Hilo halirudi tena njano hata ufanyeje. Limekauka, ndiyo, lakini halikuiva. Na ukichelewa mno kuongeza moto, jani linaozea juu ya fito.

Moto huo huo, jani hilo hilo, shamba hilo hilo. Tofauti ni kipimo na wakati. Dada, wewe ziwa, marejesho, ugonjwa na msiba vimekujia kwa mkupuo. Naogopa mtu akikwambia "umekomaa" wakati kilichotokea ni kukauka tu. Yuko mama mmoja kijijini kwetu alisifiwa msibani kwamba halii, ana imani ya ajabu. Miaka mitatu baadaye ndipo tulipojua hakuwa amelala usingizi kamili tangu siku ile.

Sasa swali linalonikosesha raha mimi: kwenye bani anayesukuma kuni ni mimi. Huko kwa dada anayesukuma ni nani?

#7 Nyavu_na_Neno (saa 4:11 usiku)

Hapo BaniLaUrambo umegusa penyewe. Ila mkuu, Mkristo na tumbaku vimekaaje? 😀

#8 BaniLaUrambo (saa 4:19 usiku)

Swali lako ni halali na nimeshalipeleka kwa mchungaji wangu zaidi ya mara moja. Ada za watoto zinatoka humo. Mwaka huu nimeongeza karanga na alizeti, napunguza ekari za tumbaku taratibu. Niombee, lakini tusimtoe dada kwenye swali lake.

#9 Katekista_Tabora (Jumanne, saa 12:25 asubuhi)

Tumsifu Yesu Kristo.

Swali la bani, kwamba anayesukuma kuni ni nani, Yakobo analijibu kwenye sura hiyo hiyo ya kwanza, na watu wengi wanaishia mstari wa 4. Mstari wa 13 unasema mtu ajaribiwapo asiseme "ninajaribiwa na Mungu". Mstari wa 14: kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Hapo hapo Mwanzo 22 inasema Mungu alimjaribu Ibrahimu. Mtu akisoma haraka ataona vinagongana.

Tatizo ni neno. Kwa Kigiriki ni *peirasmos*, neno moja kwa mambo mawili: dhiki inayompima mtu, na uchu unaomvuta atende dhambi. Kiswahili kinaweza kuyatenga, jaribu na kishawishi. Sisi Wakatoliki katika Baba Yetu tunasema "usitutie katika kishawishi", ndugu zetu Waprotestanti wanasema "usitutie majaribuni". Sala moja, lakini kila mtu anaogopa kitu chake. Hata Papa Fransisko mwaka 2017 alisema tafsiri zinazomwonyesha Mungu kama anayemsukuma mtu kwenye kishawishi siyo nzuri, na mwaka huo huo maaskofu wa Ufaransa wakabadili maneno ya sala hiyo kwa Kifaransa.

Kwa hiyo dada, kifo cha mumeo ni jaribu. Kishawishi ni kitu kingine kinachokuja nyuma ya jaribu: sauti inayokwambia kwa kuwa huwezi kuomba basi huna Mungu. Jaribu hukulichagua na huna hatia kwalo. Kishawishi ndicho cha kukipinga. Ukivichanganya, utakuwa unajilaumu kwa kifo, au unakisalimu kishawishi kama vile kimetoka kwa Mungu.

#10 Mswahili_wa_Ujiji (saa 1:02 asubuhi)

Mimi ni Muislamu, naomba radhi kuingia kwenye uzi wa Wakristo, lakini Ujiji tumezikana miaka yote bila kuulizana dini. Dada, Mungu akupe subira.

Kwetu tunaita mtihani. Nimesoma hapo juu Yakobo anasema "saburi", nikakumbuka kuwa saburi na subira vimetoka kwenye neno moja la Kiarabu, *sabr*. Bibi yangu alikuwa akisema subira siyo kunyamaza, ni kushika. Mtu anayeshika kamba ya boti kwenye mawimbi, mikono inatetemeka, machozi yanamtoka, ila hajaachia. Huyo anasubiri. Sasa dada anaamka saa kumi kila siku. Angekuwa ameachia angelala.

#11 Chanja_Kibirizi (saa 1:30 asubuhi)

Mswahili_wa_Ujiji, umeniliza asubuhi hii. Ahsante. Wengine nitawajibu, ngoja nifungue duka.

#12 AmaniTele (saa 3:15 asubuhi)

Dada jipe moyo, Biblia inasema Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba. Ukiona umepewa ujue una mabega yake.

#13 Asiye_na_Maiki (saa 4:00 asubuhi)

AmaniTele, najua una nia njema, ila msemo huo haumo kwenye Biblia. Watu huutoa 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anazungumzia jaribu, pamoja na "mlango wa kutokea". Hazungumzii mizigo. Huyo huyo Paulo, 2 Wakorintho sura ya 1 mstari wa 8, anasema kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtume kabisa alipewa uzito uliopita mabega yake, na akaliandika wazi.

Niseme langu, halafu mniseme mtakavyo. Kaka yangu alikuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili, Kasulu. Mtoto wake wa kwanza alifariki kwenye kituo kimoja cha afya usiku ambao hakukuwa na mtu wa kumhudumia. Kaka alijaribu kurudi kanisani kama mara nne hivi. Mara ya nne mtu akatoa ushuhuda jinsi mtoto wake alivyopona malaria kwa maombi, kanisa zima likapiga vigelegele. Kaka akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Mwaka wa tisa sasa.

Sisi tunasema "majaribu hukomaza" kwa sababu wanaoshika maiki ni waliobaki. Aliyevunjika yuko nyumbani, ushuhuda wake hausikiki. Ukiwahesabu waliopona tu, kila dawa itaonekana inaponya.

Simlaumu Mungu hapa. Nasema tuhesabu wote.

#14 Nyavu_na_Neno (saa 4:22 asubuhi)

Nimesoma #13 mara mbili. Sina la kusema. Pole kwa kaka.

#15 Kutoka_Nyarugusu (saa 10:40 jioni)

Salamu kwenu watu wa Kigoma, nawaandikia nikiwa Marekani, huku bado ni asubuhi.

Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini. Nilivushwa ziwa nikiwa mgongoni, tukafika Nyarugusu 1997, mwaka mmoja baada ya kambi kufunguliwa. Nimekulia pale, nimeoa pale. Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo na turubai. Mvua ikinyesha mhubiri hasikiki, basi tunaimba mpaka ikatike. Mgao ukipunguzwa tunafunga, maana hata hivyo chakula hakipo, tukasema afadhali njaa yetu iwe sala. Nilikuwa naongoza kwaya ya vijana, mazoezi saa kumi na moja alfajiri, na hakuna aliyechelewa.

Mwaka wa nne sasa tuko huku. Nina gari, nina friji iliyojaa, watoto wanasoma. Jumapili nafanya zamu kwa sababu siku hiyo malipo ni makubwa. Gitaa langu halijatoka kwenye mfuko tangu Pasaka. Mke wangu aliniuliza juzi, "Tuliomba miaka yote tutoke kambini, tumetoka, sasa tunaomba nini?" Nikakosa jibu.

Kwa hiyo mimi, kwa Asiye_na_Maiki, nasema wapo wengine ambao hamkuwahesabu: waliovumilia njaa wakashindwa na shibe. Katekista anasema jaribu na kishawishi. Kwangu kishawishi kilikuja kimevaa nguo za jibu la maombi.

#16 Mzee_wa_Mwanga (saa 11:15 jioni)

Mwanangu uliyeko Marekani, toa gitaa kwenye mfuko. Leo.

#17 Kutoka_Nyarugusu (saa 11:21 jioni)

Ndiyo mzee. 🙏

#18 Karani_wa_Zamani (saa 2:50 usiku)

Nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Mimi ni wa Tabora, nilikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha wakulima, sitakitaja. Naandika habari ya kishawishi, maana mmekipita haraka.

Mnunuzi mmoja alinifuata, akataka kila robota nipunguze kilo mbili kwenye daftari. Nilikataa. Jumapili ile nikasimama kanisani nikashuhudia jinsi Mungu alivyonishindia, watu wakasema amina. Msimu uliofuata mwanangu akachaguliwa kidato cha tano, mfukoni sina kitu. Mtu yule yule akarudi, safari hii kilo moja tu. Nikaandika. Nakumbuka kalamu ilikuwa ya bluu na wino ulikuwa unakatika katika, ikabidi niirudie tarakimu mara mbili, kana kwamba hata kalamu inaniuliza mara ya pili.

Mkulima wa robota lile nilikuwa namfahamu. Mzee wa baiskeli.

Nilikaa miezi mitano. Halafu nikaenda kwake nyumbani, nikamweleza, nikamlipa, nikaacha kazi kabla ya kuachishwa. Alinitazama muda mrefu, akaniambia, "Kaa tule." Tukala ugali na kisamvu, hakutaja tena.

Sasa kuna jambo sijaliweka sawa. Jaribu nililolishinda lilinipa kiburi. Lile nililoshindwa ndilo lililonifundisha kumtegemea Mungu. Naogopa kulisema kanisani kwa sababu linasikika vibaya. Lakini Petro aliambiwa kabla, Luka 22, kwamba Shetani amewataka awapepete kama ngano, na Yesu hakumwambia "hutaanguka". Alimwambia amemwombea imani yake isitindike, na akisha kuongoka awaimarishe ndugu zake. Yaani kazi ya kuimarisha wengine alipewa mtu aliyejulikana kabisa kwamba ataanguka.

#19 AmaniTele (saa 3:08 usiku)

Kwanza nashukuru kwa kusahihishwa #13, nimeusoma huo mstari na kweli siyo nilivyodhani.

Karani, habari yako nzuri ila tuwe na tahadhari. Warumi 6:1, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Hasha! Mtu asije akasoma hapa akaanguka makusudi eti apate kukomaa.

#20 Karani_wa_Zamani (saa 3:12 usiku)

Sawa kabisa ndugu. Nami singemshauri mtu yeyote. Mzee wa baiskeli aliumia, ukomavu wangu haukumrudishia miezi ile mitano.

#21 Katekista_Tabora (Jumatano, saa 12:40 asubuhi)

Hoja ya Karani Kanisa liliwahi kugombana nayo hasa. Mwaka 250 Kaisari Dekio aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma na wapewe hati. Kule Karthago, Tunisia ya leo, Wakristo wengi walitoa, wengine walinunua hati bila kutoa sadaka. Dhiki ilipotulia wakarudi wanalia kwa askofu Sipriani. Wapokewe au wasipokewe? Waliovumilia gerezani nao walikuwa na sauti kubwa. Mwishowe wakapokewa kwa toba ndefu. Sipriani mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa dhiki ile, wakamsema sana. Mwaka 258 hakujificha, akakatwa kichwa.

Na huku karibu: msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulipita hapa Tabora 1878, hapa ukagawanyika, wengine wakaenda Ujiji na wengine Uganda. Wale wa Uganda wakaona hatari, wakaondoka 1882 wakavuka Ziwa Viktoria kuja upande wa kusini, hawakurudi mpaka 1885. Miaka karibu mitatu wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na waumini wachache hawana padri. Waliporudi wakakuta wameongezeka, wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata, 3 Juni 1886, ikawa Namugongo, mashahidi wa Uganda wakachomwa, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Hao dhiki iliwakomaza, hilo halina ubishi.

#22 Asiye_na_Maiki (saa 2:10 asubuhi)

Katekista, nakuheshimu, lakini umeitaja Karthago ukaishia 258. Endelea mbele. Kaskazini ya Afrika ile ile, baada ya dhiki ya Dioklesiano iliyoanza 303, Wakristo waligawanyika juu ya viongozi waliosalimisha Maandiko yachomwe. Mgawanyiko wa Wadonati ukaendelea zaidi ya miaka mia. Agustino alikufa 430 mji wake wa Hipo umezingirwa na Wavandali. Baada ya karne kadhaa Kanisa la kule likafifia mpaka likapotea. Ndilo lililowatoa Tertuliani, Sipriani na Agustino! Kama dhiki hukomaza, pale kungekuwa na Wakristo wengi kuliko Uganda.

#23 Katekista_Tabora (saa 2:45 asubuhi)

Hoja yako nimeipokea. Ningesema kilichowaangusha ni mgawanyiko, siyo dhiki. Lakini mgawanyiko wenyewe ulizaliwa na dhiki, kwa hiyo najua utakaporudi utanikamatia wapi. Niache nifikiri, nina mazishi saa sita.

#24 Fundi_Injini (saa 7:30 mchana)

Jamani, jana usiku nimeliona jambo katika #9 nikashindwa kulala. Katekista, nyie Wakatoliki baada ya "usitutie katika kishawishi" mnaendelea "lakini utuopoe maovuni". *Utuopoe!* Sisi tunasema "utuokoe na yule mwovu", ni sawa, lakini kuopoa ni neno letu la ziwani. Unaopoa kilichozama. Unaopoa nyavu, unaopoa injini, waliopoa Liemba. Chombo kinachoopolewa hakisaidii chochote, hakivuti kamba, hakijui hata kama kuna watu juu. Nilikwambia dada kuhusu grisi, bado naamini. Ila hata yenye grisi haikujitoa yenyewe majini.

#25 Mama_wa_Gungu (saa 9:05 alasiri)

Watoto wangu, mnajua kusoma, Mungu awabariki. Mimi nimefiwa na mume 2009.

Mmewasahau rafiki za Ayubu. Wakati mwingine wote tunawasema vibaya, lakini sura ya 2 mwishoni inasema walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, asiseme hata mmoja neno. Mpaka hapo walikuwa rafiki wazuri. Kosa lilianza walipofungua midomo kueleza.

Mwaka ule imani yangu sikuwa nayo mimi. Walikuwa nayo wanawake wa jumuiya, wamenishikia. Alhamisi walikuja kwangu kwa sababu mimi sikwenda kwao. Walisali, mimi nilikuwa nachambua maharage, wakaimba, mimi nachambua maharage. Hakuna aliyeniambia "nawe omba". Iliendelea karibu mwaka mzima. Siku moja nikajikuta nimeitikia. Siwezi kuwaambia ni tarehe gani.

Mnaulizana nini kilimkomaza mtu. Mimi naona mtu mmoja mmoja hakomai, wanakomaa pamoja, kama mkungu wa ndizi. Chanja_Kibirizi, nimekuandikia pembeni. Nakuja Ijumaa. Sitaleta Biblia, nitaleta mawese.

#26 Mswahili_wa_Ujiji (saa 9:20 alasiri)

Bi mkubwa, shikamoo. Haya ndiyo maneno.

#27 BaniLaUrambo (saa 10:15 jioni)

Mama, mkungu huo unaiva pamoja kweli, lakini hata kwenye mkungu ndizi za juu zinatangulia. 😀 Nakutania tu. Nimewasomea wenzangu bani posti yako, tumekaa kimya mpaka kuni zikaisha.

#28 Chanja_Kibirizi (Jumamosi, saa 1:10 usiku)

Wakuu, samahani kwa kukaa kimya.

Mama_wa_Gungu alikuja jana. Kama alivyosema, kidumu cha mawese na hakuna Biblia. Alinikuta na magunia mawili ya dagaa ambao mvua iliwakuta chini, wameingia mchanga, mteja kawakataa. Akavua kanga ya juu, akakaa chini, tukaanza kupepeta na kuchagua. Saa nne nzima. Aliongea mambo ya wajukuu wake na bei ya mawese. Mume wangu hakumtaja mpaka mimi nilipomtaja.

Karani, nimesoma habari yako mara nyingi kuliko nyingine zote. Asiye_na_Maiki, mpe kaka yako salamu zangu, mwambie kuna mtu Kibirizi naye hushindwa kukaa wakati wa vigelegele.

Fundi, kuhusu grisi nimejitafuta sijaiona, sitakudanganya. Mzee, moto naujua, dhahabu bado. Leo alfajiri nimeamka saa kumi kama kawaida. Nikakaa. Nimelelewa Anglikana, sala hiyo ya Kikatoliki siyo yangu, lakini nilisema neno moja tu: "Utuopoe." Halafu nikatazama ukuta kama siku zote. Injini zikalia, nikateremka.

Sijui hilo linahesabika kama sala au la.

#29 Katekista_Tabora (saa 1:22 usiku)

Linahesabika.

#30 Mzee_wa_Mwanga (saa 1:40 usiku)

Binti yangu, linahesabika. Fundi, mimi bado niko kwenye "huleta" ya Yakobo, hujanijibu tangu Jumatatu.

#31 Fundi_Injini (saa 1:55 usiku)

Mzee, Jumanne nina kazi ya injini huko Mwanga. Niwekee migebuka, nitakuja na jibu. Dada, dagaa waliosafishwa wamebaki? Nataka kilo tano.